Kuni Zinazodai Umeme

Mama yangu si mtu wa kucheka ovyo kwenye simu. Anasema kicheko kinakula bando. Lakini Januari iliyopita nilipomweleza kwamba nyumba yangu imelala baridi, kuni ninazo tele, ila siwezi kuziwasha kwa sababu pampu ya umeme imekufa, alicheka mpaka nikasikia sauti ya pili huko jikoni ikiuliza kulikoni. "Eti kuni za Ulaya zinataka umeme," akaijibu. Sauti ya pili nayo ikaanza. Halafu ya tatu, ambayo nadhani ilikuwa ya mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nikakata simu.

Wacheke tu. Hata mimi ningecheka kama meno yangu yasingekuwa yanagongana.

Nimekulia Lushoto, na yeyote anayedhani Tanzania nzima ni joto aende Lushoto mwezi wa Julai bila sweta. Utoto wangu wote ulikuwa kuni: kuziokota, kuzipasua, kuzibeba kichwani, kisha kupiga magoti mbele ya mafiga na kupuliza hadi macho yawe mekundu kama ya mlevi. Nikaapa kwamba nikiwa mkubwa nitaishi mahali ambapo joto linawashwa kwa kidole kimoja. Nikasoma, nikaoa, nikapanda ndege, na leo naishi kijiji kimoja cha Småland, kusini mwa Uswidi, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Växjö. Na kila jioni ya majira ya baridi, nikiwa na shahada mbili na upara unaokuja kwa kasi, napiga magoti mbele ya mlango wa chuma nachochea kuni. Tofauti ni kwamba Lushoto hakuna aliyezikagua.

Huku zinakaguliwa. Jirani yangu, mzee anayekaribia miaka themanini, hupita kwenye rundo langu kama mkaguzi wa hesabu za serikali. Huchukua vipande viwili vya björk, ule mti wao mweupe wenye magamba kama karatasi, akavigonganisha na kutega sikio. Vikilia "ko!" anaendelea na safari. Vikilia "du" anatikisa kichwa na kuvirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha barua ya msiba. Kuni ya kuchoma isizidi asilimia 20 ya unyevu, na ili ifike hapo inakaa nje msimu mzima au miwili imefunikwa juu, imeachwa wazi ubavuni. Mimi mwaka wa kwanza nilichoma zilizokatwa mwezi uliotangulia. Kijiji kizima kilijua, kwa sababu ya moshi.

Boila linalozichoma kuni hizo ni pande la chuma lenye umri wa kunizidi, limo kwenye chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, ambacho mke wangu anakiita kuzimu. Linachemsha maji. Hapana, nisiseme linachemsha, maana likichemsha ndipo balaa linapoanza. Linapasha maji moto hadi nyuzi 80 hivi, maji yanapanda kwenye mabomba, yanaingia kwenye rejeta zilizokaa chini ya kila dirisha, yanaacha joto lake humo na kurudi chini kuchukua lingine. Ndiyo, rejeta. Siku ya kwanza nilidhani wenyeji wamebandua za malori yao ya Scania wakazitundika ukutani kwa uzalendo.

Kinachoyasukuma maji hayo ni pampu yenye ukubwa wa papai dogo. Inakula wati sitini, sawa na balbu yetu moja ya zamani. Na hiyo ndiyo siri ambayo mama yangu hakutaka kuisikiliza hadi mwisho: moto ni wa kuni, mwendo ni wa umeme. Pampu ikisimama, rejeta zinapoa kama uso wa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na maji yaliyomo ndani ya boila yanabaki palepale yakizidi kupata moto.

Boila la mafuta likikosa umeme linazimika lenyewe. Utapata mafua tu. Kuni hazina swichi. Ukishapanga magogo kumi na yakashika, umeme ukikatika moto haupati taarifa. Unaendelea na kazi uliyoupa.

Hili jirani yangu amenieleza mara nyingi, na kila mara anaanzia Gudrun. Gudrun ni dhoruba iliyopiga kusini mwa Uswidi usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Januari 2005. Iliangusha miti ya meta za ujazo milioni 75 hivi, mingine juu ya nyaya za umeme, na mamia ya maelfu ya nyumba yakaingia gizani, baadhi kwa wiki kadhaa. Hebu piga picha: kuni za kizazi kizima zimelala uani, zimejileta zenyewe, na watu ndani wanatetemeka kwa sababu pampu ya wati sitini haina umeme. Mzee yeye hakutetemeka. Mabomba yake ni ya kizamani, manene kama mkono wa mtoto, na maji ya moto hupanda yenyewe bila kusukumwa. Kijiji kilikuwa kinakuja kwake kuoga. Mpaka leo akikutana na watu fulani dukani anawaangalia kwa namna ya mtu aliyewahi kuwaazima taulo.

Mimi nilimsikiliza kwa dharau kidogo, nakiri. Nimetoka nchi ambayo mgao wa umeme umewahi kutolewa ratiba. Kuna la kunifundisha kuhusu giza?

Pampu yangu ilikufa Jumamosi. Vitu vya umeme hufa Jumamosi, sijui nani alivifundisha. Nje ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nikampigia fundi umeme, akasema anaweza kufika Jumanne. Nikamwambia nina watoto. Akasema naye anao.

Hapo nieleze sheria ya huku, maana ndiyo iliyonipandisha mori. Mwenye nyumba anaruhusiwa kubadili balbu, kufunga plagi kwenye waya, kubadili soketi mbovu akiweka nyingine palepale, tena awe anajua anachofanya. Zaidi ya hapo, waya wowote wa kukaa moja kwa moja ukutani unafungwa na kampuni iliyosajiliwa kwenye mamlaka yao ya usalama wa umeme, Elsäkerhetsverket; sheria hiyo imeanza kutumika Julai 2017. Msicheke, hata kwetu fundi anatakiwa awe na leseni ya EWURA, wadhibiti wetu wa nishati na maji. Ila kwetu leseni ni yake na kazi ni ya mdogo wake.

"Pampu yenye plagi," nikamwambia mke wangu, "si ya kukaa moja kwa moja. Unachomeka, unachomoa. Ni kama pasi."

Mke wangu alikuwa amevaa makoti mawili na kilemba. "Wewe si ulisema Lushoto ulikuwa unafanya kazi na mafundi umeme?"

Ni kweli nilisema. Nilikuwa nawashikia ngazi.

Mzee akanipa pampu ya zamani kutoka ghalani kwake, ina madoa ya kutu na waya wake ulikuwa umekatwa zamani. Akanionya niisubiri Jumanne. Nikamshukuru kwa pampu. Onyo nikaliacha pale pale ghalani. Jioni hiyo nikashuka kuzimu na simu, na upande wa pili, kwenye video, yuko shemeji yangu wa Tanga, kaka wa mke wangu, fundi friji na msema kweli wa mambo yote.

"Shemeji, hiyo kazi ya dakika tano," akasema.

Ukutani kulikuwa na kiboksi cha zamani. Nikakifungua. Ndani waya tatu: mweusi, wa kijivu na mwekundu. Nikamwelekezea kamera.

"Mwekundu laivu, mweusi nyutro. Huo wa kijivu sijui wazungu waliuweka wa nini. Achana nao."

Nilikuwa nimeshauinamia ule mwekundu na koleo mkononi, mzee akateremka ngazi na kapu la kuni. Akasimama. Akaniuliza, kwa ile sauti yao ya chini wanayotumia kwa watoto na farasi, ninafikiri mwekundu ni nini. Nikamwambia. Akaweka kapu chini.

Kumbe kwenye nyumba za zamani za huku, kabla rangi ya kijani na njano haijaja, waya mwekundu ndio ulikuwa wa ethi, wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Soma tena pole pole. Rangi ambayo Tanga inakuua ndiyo ambayo Småland iliwekwa ikuokoe. Yaani ningeupachika mwekundu kwenye laivu na kurudi juu nikijisifu, kumbe nimepitisha umeme kwenye waya wa ethi wenyewe, na huenda ungefika kila unakofika waya huo, kwenye kila ganda la chuma la vyombo vya nyumba hii. Nilifunga kile kiboksi kwa mikono inayotetemeka, na safari hii si kwa baridi.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilipata wazo.

Nikachukua ekstensheni kutoka sebuleni, nikaishusha kuzimu kwa ngazi. Plagi ninayo. Waya nikaukata kwenye taa ya mezani iliyoharibika, waya mzuri wa kahawia uliosukwa kwa nyuzi. Ulikuwa na nyaya mbili ndani. Kwenye pampu kulikuwa na skrubu tatu: ya laivu, ya nyutro, na ya tatu yenye alama kama mti wa Krismasi uliopinduliwa.

"Shemeji, hii ya tatu?"

"Hiyo ethi. Hayo mambo ya wakaguzi. Ikaze tu isije ikaanguka."

Nikaikaza. Nataka ieleweke kwamba niliikaza vizuri sana. Skrubu tupu, haina waya, imekazwa kama nati za tairi.

Kisha waya wenyewe ulikuwa unaning'inia vibaya, na mimi ni mtu wa usafi. Nikaufunga kwa vipande vya plastiki kwenye bomba la karibu. Bomba la karibu lilikuwa la moshi.

Ikawaka. Yaani pampu iliguna mara moja kama mzee anayeamshwa, ikaanza kuzunguka, na ndani ya nusu saa rejeta ya sebuleni ikawa ya moto. Mke wangu akavua koti moja. Shemeji akaniambia hata yeye hakuamini. Jumapili nzima nilitembea ndani ya nyumba yangu na fulana, nikiwatazama watu dirishani.

Jumatatu alfajiri nikashuka, nikajaza boila magogo ya kutosha asubuhi nzima, nikapanda kunywa chai. Binti yangu alitoka kuoga, nywele mbichi, peku, akaenda kuegemea rejeta ya korido kama anavyofanya kila siku.

"Baba, rejeta inaning'ata."

Nikamwambia rejeta hazina meno. Mama yake akaigusa, akarudisha mkono haraka, akanitazama kwa namna ambayo sitaieleza gazetini. Nikaigusa kwa nyuma ya vidole. Si kupigwa na shoti hasa. Ni kama sisimizi wanapita chini ya ngozi, wamejipanga, wana haraka. Mke wangu tayari alikuwa ameanza kusema mambo ya majini, na kwamba alijua tangu siku ya kwanza kwamba chumba kile cha chini kina wenyewe.

Nikampigia shemeji. "Una testa?" Ninayo, niliibeba kwenye begi kutoka nyumbani, ile bisibisi yenye kitaa ndani, kila fundi wa Tanzania anayo kwenye mfuko wa shati. Nikaigusisha kwenye rejeta ya korido. Kitaa kikawaka, rangi ya chungwa, kizuri. Ya sebuleni: kikawaka. Chumbani, jikoni, kile kirejeta cha kukaushia taulo bafuni: kikawaka, kikawaka, kikawaka.

Nimekuja kuelewa baadaye. Ile pampu ya ghalani ilikuwa inavuja tone moja moja, maji yakaingia kwenye kiboksi cha waya, umeme ukapata njia ya kuingia kwenye ganda la chuma. Waya wa ethi ungekuwepo, umeme ungeteremkia huko kwa nguvu, fyuzi ingekatika, nami ningekaa baridi nikiwa hai. Haukuwepo. Kwa hiyo umeme ukatoka kwenye ganda ukaingia kwenye bomba, kwenye bomba ukaingia kwenye rejeta, na maji yetu yanatoka kisimani kwa bomba la plastiki, hivyo chuma cha nyumba hii hakikuwa kimegusana na ardhi mahali pa maana. Nyumba nzima ilikuwa imegeuka waya mmoja mrefu wenye watoto ndani. Na fyuzi? Fyuzi ilikaa kimya, na ilikuwa na haki. Fyuzi ya ampea 10 inalinda waya usiungue, haikulindi wewe. Miliampea 30 zikipita kifuani zinatosha kukuingiza hatarini, na ampea 10 ni miliampea elfu kumi. Utakuwa umezikwa zamani, fyuzi bado inasubiri.

Lakini asubuhi ile sikuwa na elimu hiyo. Nilikuwa na shemeji anayepiga kelele kwenye simu: "Zima meni swichi! Shemeji! Zima meni swichi, toka hapo!"

Nikazima meni swichi.

Januari jua la huku linajitokeza saa mbili na nusu, tena kwa kusuasua. Ilikuwa saa moja. Giza likaanguka kama gunia. Friji ikanyamaza. Intaneti ikanyamaza, na shemeji naye akakatikia katikati ya neno. Nikawaambia watoto wasiguse kitu, ingawa sasa hakukuwa na cha kuwang'ata. Nikashusha pumzi. Na katika ukimya ule mzuri nikasikia, kutoka kuzimu, moto unavuma.

Kuni hazina swichi.

Nikateremka na tochi ya simu. Kipimo cha boila kilikuwa kwenye 86. Nikakitazama. Kikawa 88. Nilikuwa nimejaza magogo ya asubuhi nzima kwa mikono yangu mwenyewe, yamekauka vizuri, yanalia "ko!" yote.

Nilimfikia mzee nikiwa na kandambili kwenye theluji. Kuna ulimi wa kigeni unaoujua ukiwa umetulia, na kuna ule unaobaki ukiwa na kandambili kwenye theluji; nilimwambia tu "boila, hakuna umeme, tisini." Akavaa buti. Akafunga kamba za buti. Zote mbili. Nilitamani kumbeba.

Kuzimu, nilikuwa wa kwanza kunyakua ndoo. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa lita 1,700 hivi. Ukiimwaga kwenye makaa ndani ya kijumba cha chuma, mvuke huo na majivu vinakurudia usoni, na chuma cha moto kikipata maji baridi kinaweza kupasuka. Badala yake akafunga mlango mdogo wa hewa mpaka mwisho. Akachota majivu makavu kwa koleo la bati, akafungua mlango kwa upole akiwa amesimama pembeni, si mbele, akayafunika magogo kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akaniamuru nipande nikafungue vali za rejeta zote hadi mwisho, ili maji ya moto yanayoweza kupanda yenyewe yapande, kisha nifungulie maji ya moto bafuni yatoe joto kwenye boila.

Nikafungulia. Yakatoka kwa dakika chache, yakapungua, yakakohoa, yakakatika. Pampu ya kisima nayo ni ya umeme.

Kipimo kikafika 97. Vali ya usalama ikafunguka, ikatema maji na mvuke sakafuni kwa mlio wa nyoka aliyekanyagwa. Mzee akasogea nyuma hatua moja, mimi hatua sita, nyingine za ngazi. Ikatema tena. Kisha ikanyamaza. Kipimo kikakaa kwenye 97 muda mrefu, kama mgeni asiyejua kuaga, halafu kikaanza kushuka.

Mzee akajifuta jasho. Akafuata kwa tochi ule waya wangu wa taa: kutoka kwenye pampu, kwenye bomba la moshi ambako plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuacha harufu, hadi kwenye ekstensheni, ngazi kwa ngazi, hadi sebuleni, kwenye plagi. Akaichomoa kwa vidole viwili.

"Ungechomoa hii tu," akasema, "tungekuwa na taa na maji."

Sikumjibu. Kuna maneno mtu huyapokea akiwa amesimama.

Jumanne fundi akatuma binti wa miaka ishirini na kitu, na sanduku la vifaa kubwa kumzidi. Hakuongea. Aliutazama ule waya wa kahawia, akaupiga picha. Akaitazama skrubu ya ethi, akaipiga picha. Akaniuliza kama ninamruhusu kuwaonesha wanaojifunza kazi. Nikamwambia awaoneshe, ila asiseme kijiji.

Alifanya kazi hadi jioni, mimi nikiwa nimekaa kwenye ngazi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Pampu mpya. Waya wa nyaya tatu, umefungwa kabisa ukutani, mbali na bomba la moshi. Waya wa kawaida wa plastiki haukutengenezwa kuzidi nyuzi 70, na lile bomba langu linapita hizo kabla chai haijachemka. Palipobidi kukaribia moto aliweka waya wenye ganda la silikoni, unaovumilia hadi 180. Akaunganisha boila na mabomba kwa waya mnene wa kijani na njano hadi kwenye ethi, ili chuma chote cha nyumba kiwe na mahali pa kwenda. Akaweka swichi mlangoni, juu ya ngazi, ili siku ya mkasa mtu asilazimike kupita mbele ya moto kuitafuta. Na kwenye boksi la fyuzi, fyuzi zangu za kauri ambazo nilizipenda kwa sababu zinafanana na vikombe vya kahawa, akaongeza breka inayonusa umeme unaovuja: zikipotea miliampea 30 tu njiani, inakata kabla hujamaliza kusema "aah". Kwa nyumba mpya za huku breka hiyo imekuwa ya lazima tangu 2000. Nyumba yangu ni ya zamani, ilisamehewa. Ina kitufe cha kujaribia. Akaniambia nikibonyeze mara kwa mara. Nimekibonyeza mara nyingi mno. Watoto wanalalamika.

Mwishoni akaniuliza ninataka nini kitokee siku umeme ukikatika kijijini.

Ndugu zangu, hapo nilisimama. Miaka yote nchini humu hakuna aliyewahi kuniuliza swali ninalolijua. Nikamweleza habari za inveta. Nikamweleza kwamba ile ya bei rahisi hutoa umeme wa wimbi la kukatakata, mota inanguruma na kupata moto, kwa hiyo alete ya wimbi safi. Nikamweleza kwamba betri usiliache lishuke hadi sifuri, kwamba liwekwe mahali penye hewa, na lisikae karibu na boila. Nikamweleza kwamba mahesabu yaanze na kinachotakiwa kuishi, si kinachotamaniwa: pampu mpya inakula wati 25 hivi, betri moja kubwa la gari linaisukuma usiku kucha, televisheni isubiri. Binti akatoa daftari akaandika. Nikaongea taratibu ili asikose kitu. Kisha akanieleza namna ya kuifunga ile inveta ili breka na ethi viendelee kufanya kazi hata umeme wa nje usipokuwepo, nami nikaandika kwenye bahasha.

Bili ilikuja kwa posta. Nilipoona malipo ya saa moja nilijutia shahada zote mbili.

Shemeji naye alipiga, kuuliza hali. Nikamweleza yote, na ile pampu ya ghalani iliyokuwa inaua. Akanyamaza kidogo. "Usiitupe, shemeji," akasema. "Ukipata kontena linakuja Tanga, itupie humo. Nitaitengeneza."

Kwenye ile swichi mpya ya mlangoni binti alibandika kikaratasi cha Kiswidi kinachosema swichi ni ya nini. Kesho yake asubuhi nikakuta chini yake kikaratasi kingine, kwa mwandiko wa mke wangu, herufi kubwa, Kiswahili: BABA HAGUSI. Mzee alipokuja kukagua kazi akakiona, akauliza kimeandikwa nini. Mke wangu akamfasiria. Mzee akacheka hadi akaketi kwenye ngazi, akaenda nyumbani kwake akicheka. Jioni mkewe akabisha hodi na keki ya mdalasini, akaomba aandikiwe kimoja kama hicho, kwa Kiswahili vilevile, cha kwenda kubandika ghalani kwao.